Kupima mng'ao wa Tiaki ukiwa Dar es Salaam

Nyota zinazobadilika mng'ao zikitajwa, wengi hukimbilia Betelgeuse, kwa kuwa mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 ilififia mpaka magazeti yakaiandika. Kwa anayeishi pwani yetu ipo nyota inayofaa zaidi kujifunzia kupima: Beta Gruis, jina lake rasmi Tiaki, ya pili kwa mng'ao katika kundinyota la Korongo, kwa Kilatini Grus. Ni jitu jekundu lililo umbali wa takriban miaka ya nuru 177. Mng'ao wake hupanda na kushuka kati ya magnitudo 2.0 na 2.3 hivi (magnitudo ni kipimo cha mng'ao wa nyota: namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi). Huonekana kwa macho matupu hata katikati ya Kariakoo, na inapofika juu kabisa upande wa kusini huwa nyuzi 50 kutoka upeo wa macho. Aliyeko London au Berlin haioni maishani mwake akibaki huko, maana kwao haichomozi kabisa. Kwa hiyo kazi hii ni ya watu wa kusini, na sisi wa Dar tumo.

Wapo wanaosema anga la Dar halifai kwa vipimo: unyevu, taa, vumbi, mawingu ya baharini. Kwa kupiga picha za galaksi hafifu nakubaliana nao. Kwa nyota ya magnitudo 2 hoja hiyo haina uzito, kwa sababu hatupimi nyota peke yake, tunaipima dhidi ya jirani yake iliyo kwenye picha ile ile. Hewa ikiwa chafu, imechafuka kwa wote wawili. Kamera ya mtumba yenye lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55 inatosha kupata jibu lenye kosa la magnitudo 0.02 au chini yake, na hiyo ni sehemu ndogo sana ya mabadiliko tunayoyatafuta.

Inabadilika kwa nini

Jitu jekundu ni nyota iliyomaliza haidrojeni ya kiini chake. Kiini kimejikaza, tabaka za nje zimevimba na kupoa. Uso wa Jua una nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Uso wa nyota kama Tiaki una kama 3,200. Tabaka hizo za nje zimeshikwa kwa mvutano hafifu, hivyo hutanuka na kusinyaa, na chini yake gesi ya moto inapanda kwa mafungu makubwa yasiyofuata ratiba. Ndiyo maana mwendo wake unaitwa wa nusu utaratibu: kuna vipindi ambapo Tiaki hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku 37 hivi, halafu utaratibu unavurugika na inabadilika polepole bila mpangilio unaoeleweka.

Kuna jambo jingine linalozidisha mabadiliko tunayoyaona. Kwenye hewa ya nyota baridi kama hii kuna molekuli za oksidi ya titani, na hizo hunyonya nuru ya kuonekana kwa nguvu sana. Joto likishuka kidogo tu, molekuli zinaongezeka na nuru ya kuonekana inapungua kuliko joto lenyewe lilivyopungua. Nishati yote inayotoka kwenye nyota haijayumba kiasi hicho; sehemu kubwa ya nuru yake ni ya infraredi, ambayo macho na kamera ya kawaida havioni.

Tofauti ya magnitudo 0.3 ina maana kwamba nyota ikiwa kileleni inang'aa mara 1.3 ya inapokuwa bondeni. Ni karibu theluthi nzima. Jicho lililozoea linaiona, kamera inaiona waziwazi.

Kuipata na majirani zake

Msimu mzuri ni Agosti hadi Novemba. Tarehe 1 Septemba Tiaki hufika juu kabisa karibu saa sita na nusu usiku, tarehe 1 Oktoba saa nne na nusu, na tarehe 1 Novemba saa mbili na nusu, takriban. Agosti unalipia kwa usingizi, Novemba unalipia kwa mawingu ya vuli. Mimi naiona Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba kuwa ndiyo moyo wa msimu.

Geuka kusini. Utaiona Fomalhaut juu sana, nyota nyeupe iliyokaa peke yake. Kunja ngumi, nyoosha mkono, shuka kusini kama ngumi moja na nusu hadi mbili. Utakutana na nyota mbili zilizopakana, umbali wa vidole vitatu hivi. Ya kulia, nyeupe ya kibuluu na yenye mng'ao zaidi, ni Alnair, magnitudo 1.7. Ya kushoto, yenye rangi ya chungwa bivu, ndiyo Tiaki. Kushoto zaidi, ngumi mbili nzima, ni Ankaa ya kundinyota la Phoenix, magnitudo 2.4. Juu ya Ankaa, mbali kidogo, ipo Diphda ya Cetus, magnitudo 2.0. Usiichanganye Ankaa na Achernar, ambayo iko chini zaidi, ni nyeupe na inang'aa kuzidi zote hizi.

Ankaa na Diphda ni zawadi. Zote mbili ni nyota kubwa za rangi ya machungwa, kwa hiyo hazitofautiani sana na Tiaki kwa rangi, na namba zake, 2.4 na 2.0, zinaibana Tiaki juu na chini karibu kabisa na mipaka yake.

Mahali pa kusimama si jambo kubwa, ila mwelekeo ni muhimu. Aliyeko Masaki au Mbezi Beach akitazama kusini anatazama mwanga wa mji. Aliyeko Kigamboni mji uko mgongoni kwake, na wa Mbagala anatazama upande wa Mkuranga ambako taa zinapungua. Bado hata juu ya paa la ghorofa mjini kazi inafanyika, alimradi taa ya ulinzi ya jirani isipige moja kwa moja kwenye lenzi.

Kwa macho tu

Anza na macho kabla ya kamera, kwa sababu yanakufundisha kuijua nyota. Linganisha Tiaki na Diphda, kisha na Ankaa. Ikiwa iko katikati yao, andika 2.2. Ikiwa imeikaribia Diphda, 2.1. Ikiwa iko sawa na Ankaa, 2.4. Usijaribu kwenda chini ya sehemu moja ya kumi, jicho halina uwezo huo.

Tatizo kubwa hapa ni wekundu. Ukiikodolea macho nyota nyekundu, inazidi kuonekana angavu kadiri unavyoitazama, wakati nyeupe haifanyi hivyo. Watu wawili wenye macho mazima wanaweza kupishana kwa magnitudo 0.3 kwenye nyota moja nyekundu, na hiyo ni sawa na mabadiliko yote ya Tiaki. Dawa yake ni kutupa jicho: tazama Tiaki sekunde moja, hamia Ankaa sekunde moja, rudi, hamia Diphda, amua. Usiku wenye mbalamwezi tofauti hii ya rangi inazidi, kwa hiyo andika kando kama mwezi upo.

Usisome makadirio yako ya juzi kabla ya kutazama leo. Akili ikishajua kwamba nyota ilikuwa inapanda, itaiona inapanda.

Kwa kamera

Vifaa: kamera yoyote yenye lenzi ya kubadilisha na inayohifadhi faili za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazichakata, stendi ya miguu mitatu, rimoti au taima ya sekunde mbili ili usiitikise kamera unapobonyeza. Hakuna haja ya darubini. Darubini ingekuharibia, kwa sababu ingeonyesha eneo dogo la anga na Ankaa ingebaki nje.

Weka lenzi kwenye milimita 35. Kwenye kamera yenye kihisi kidogo hiyo inakupa eneo la nyuzi 37 kwa 24 hivi, na kutoka Alnair hadi Ankaa ni nyuzi kama 25. Panga picha ili Ankaa iwe kushoto, Tiaki na Alnair kulia, zote mbali na kingo. Lenzi hufifisha pembeni, na nyota iliyokaa kwenye kona inaweza kupoteza robo ya nuru yake bila wewe kujua. Punguza tundu la lenzi mpaka f/5.6, ufifishaji huo unapungua.

ISO, yaani usikivu wa kamera, iwe 200, au 400 kama kamera ni ya zamani. Sekunde 10. Zima fokasi ya kujiendesha, zima kitulizaji cha mtikisiko, zima ile kazi ya kamera ya kusafisha kelele kwenye picha ndefu. Halafu haribu fokasi kwa makusudi, mpaka nyota iwe kiduara cha pikseli 10 hadi 15.

Hapo ndipo wapigapicha wengi hukataa, wanaona ni dhambi. Sababu ziko mbili. Kihisi cha kamera kimefunikwa na vichujio vidogo vya rangi, kijani viwili, chekundu kimoja na cha buluu kimoja katika kila pikseli nne. Nyota kali yenye ukubwa wa pikseli mbili inaweza kuangukia zaidi kwenye nyekundu picha hii, na kwenye kijani picha inayofuata, na namba zako zitaruka ovyo. Sababu ya pili ni kujaa. Kamera ya biti 14 inaishia namba 16,383. Pikseli ikifika hapo, nuru ya ziada inapotea na nyota inaonekana hafifu kuliko ilivyo. Kutandaza nuru kunaziepusha zote mbili. Kuza picha ya kwanza, soma thamani ya juu kabisa ndani ya Tiaki na Alnair. Ikizidi 11,000 punguza ISO. Ukishapata fokasi unayoitaka, bandika utepe wa gundi kwenye pete ya lenzi, maana lenzi za mtumba huteleza zenyewe zikielekezwa juu.

Piga picha 30 mfululizo. Moja haitoshi, na sababu si uchache wa nuru. Ni kumetameta. Lenzi ndogo kwenye f/5.6 ina tundu la milimita 6 tu, na kupitia tundu hilo hewa inaiyumbisha nyota kwa asilimia 4 au 5 kati ya picha moja na nyingine. Ukichukua wastani wa picha 30, kosa linashuka hadi asilimia 1 hivi. Kazi yote inachukua kama dakika sita.

Wakati bora wa kupiga ni dakika 15 hadi 20 baada ya Tiaki kufika juu kabisa. Hapo Tiaki na Ankaa zinakuwa kwenye kimo kimoja, nuru yake inapita kwenye unene sawa wa hewa, na hakuna marekebisho ya kufanya. Ukiwahi au kuchelewa kwa nusu saa bado uko salama. Ukichelewa kwa saa tatu, Tiaki imeshuka sana upande wa kusini-magharibi huku Ankaa ikiwa bado juu, na Tiaki itaonekana imefifia kumbe ni hewa.

Kisha funika lenzi, piga picha 15 za giza kwa ISO ile ile na sekunde zile zile. Kesho yake mchana piga picha 20 za weupe: funika lenzi kwa karatasi nyeupe, elekeza kwenye anga lisilo na jua, fokasi na f/5.6 vikiwa vilevile. Hizi ndizo zinazofuta ufifishaji wa pembeni na madoa ya vumbi.

Kwenye kompyuta

Programu za bure kama Siril au ASTAP zinatosha. Toa wastani wa picha za giza, gawanya kwa wastani wa picha za weupe, kisha chukua chaneli ya kijani peke yake, kwa sababu ndiyo inayokaribia kipimo cha V, cha nuru ya kijani na manjano, kinachotumiwa na wanaastronomia. Usitumie JPEG hata kidogo: kamera ikiunda JPEG inazipinda namba, nuru maradufu haiwi namba maradufu.

Zipange picha, uziunganishe tano tano, upate mafungu sita. Kwenye kila fungu weka duara la nusu kipenyo cha pikseli 12 juu ya nyota, na pete kati ya pikseli 20 na 30 ya kupima mwanga wa anga. Programu inatoa mwanga wa anga na kukupa nuru halisi ya nyota. Hesabu yenyewe ni fupi: gawanya nuru ya Tiaki kwa ya Ankaa, chukua logi ya msingi 10, zidisha kwa 2.5, toa kwenye magnitudo ya Ankaa. Kwa mfano Tiaki ikiwa 73,400 na Ankaa 61,200, uwiano ni 1.199, logi yake 0.079, mara 2.5 ni 0.20. Tukichukua Ankaa kuwa 2.40, Tiaki ni 2.20. Fanya hivyo kwa mafungu yote sita. Wastani wake ni jibu, na mtawanyiko wake unakuambia uliamini kiasi gani.

Alnair ni ya ukaguzi. Yenyewe haitarajiwi kubadilika, kwa hiyo tofauti yake na Ankaa, karibu magnitudo 0.65, inapaswa kubaki ile ile usiku baada ya usiku. Fungu ambalo tofauti hiyo imeruka kwa zaidi ya 0.03 limepitiwa na wingu jembamba ambalo hukuliona. Litupe bila huruma, hata kama namba ya Tiaki ndani yake inapendeza.

Alnair inakusaidia pia kujua kamera yako inavyoziona rangi. Tuseme katalogi inasema 0.65 na kamera yako kila mara inatoa 0.59. Rangi za Alnair na Ankaa zinapishana kwa 1.2 hivi kwenye kipimo cha rangi cha B-V (magnitudo ya nuru ya buluu ukitoa ile ya V), kwa hiyo kamera inazionea nyota za buluu kwa 0.05 kwa kila kizio cha rangi. Tiaki ni nyekundu kuliko Ankaa kwa 0.5, basi kamera imeipendelea kwa 0.025, na kiasi hicho unakiongeza kwenye magnitudo yake. Kwa nyota nyekundu namna hii marekebisho hayo hayawi kamili, kwa sababu ya zile molekuli za titani. Ndiyo maana nasisitiza kamera moja, lenzi moja, nyota moja ya kulinganishia, msimu mzima. Kosa lililobaki likiwa ni lile lile kila siku, umbo la mchoro haliharibiki.

Yanayoharibu kazi huku kwetu

Kiyoyozi kinaongoza. Kamera ikitoka chumba kilichopozwa sana na kuingia usiku wa Dar wenye joto na unyevu, kioo cha lenzi kinapata ukungu papo hapo. Wakati mwingine ukungu uko katikati tu ya kioo, kama sarafu ya kijivu, na pembeni kumebaki safi. Kwenye picha nyota bado zipo, zimezungukwa na duara laini la mwanga ambalo ni rahisi kulidhania fokasi uliyoiharibu mwenyewe. Namba zitapanda taratibu kadiri ukungu unavyoyeyuka. Fungia kamera kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi, uiache nje dakika 45 kabla ya kuifungua. Usiifute kwa fulana.

Kuvu ndani ya lenzi ni ugonjwa wa pwani nzima. Ukinunua lenzi ya mtumba, imulike tochi kwa nyuma na utazame kwa mbele. Nyuzi kama za buibui ni kuvu. Ikiwa kidogo bado lenzi inapima, maana picha za weupe zinarekebisha sehemu kubwa, ila itaenea. Ihifadhi kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya silika, na uvikaushe mara kwa mara. Ukipiga karibu na bahari Kigamboni, chumvi hutua kwenye kioo cha mbele. Kifute kwa kitambaa cha lenzi na kimiminika chake siku hiyo hiyo.

Upepo wa kusi unaleta vipande vya mawingu kutoka baharini vinavyopita haraka. Usiahirishe usiku mzima kwa ajili yake. Subiri uwazi wa dakika kumi, piga, na uiachie Alnair ihukumu. Umeme ukikatika mtaani katikati ya kazi, mwanga wa anga unashuka ghafla lakini pete ya kupimia anga inalimudu hilo, endelea tu.

Saa na kutuma

Vipimo hutumwa AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota badilifu kilichoanzishwa mwaka 1911, kinachopokea kutoka popote duniani. Makadirio ya macho huandikwa Vis., ya chaneli ya kijani ya kamera huandikwa TG. Usiandike V kama hukufanya marekebisho kamili ya rangi.

Muda ni UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma yetu, na kosa la kawaida ni kuchanganya saa ya Kiswahili: saa nne usiku ni 22:00, ukitoa tatu ni 19:00. Tarehe huandikwa kwa siku za Julian, hesabu ya siku inayoendelea mfululizo bila miezi wala miaka, ambazo huanza adhuhuri ya UTC, yaani saa tisa alasiri hapa Dar. Usiku wetu mzima basi unabaki ndani ya namba moja. Siku ya 2460000 ilianza tarehe 24 Februari 2023 saa tisa alasiri yetu. Kipimo cha saa nne usiku kina desimali .29. Hakikisha pia saa ya kamera yenyewe, kwa sababu betri ikitolewa muda mrefu nyingine hurudi mwaka wa kiwandani.

Pima kila baada ya siku mbili au tatu. Kila siku ni sawa, ila nyota yenye mzunguko wa siku 37 haihitaji. Kuanzia Agosti hadi mwisho wa Novemba unapata mizunguko mitatu na ushei, inatosha kuona kama mwaka huu Tiaki imo kwenye kipindi cha utaratibu au imevurugika.

Ukishapata mtawanyiko wa 0.01 bila kuhangaika, Juni ijayo hamia Gacrux, nyota nyekundu ya juu ya Msalaba wa Kusini. Ndilo jitu jekundu la daraja M (daraja la nyota baridi na nyekundu) lililo karibu nasi kuliko yote, miaka ya nuru 88 hivi, na mabadiliko yake ni sehemu chache za mia za magnitudo, jicho halina habari nayo. Mwanzoni mwa Juni inafika juu kabisa, nyuzi 40, saa mbili na robo usiku, mvua za masika zikiwa zimekwisha. Ugumu wake ni majirani: Acrux na Mimosa ni za buluu sana, na Ginan iliyo karibu nayo kwa rangi ni hafifu mara sita, kwa hiyo badala ya picha 30 panga kupiga 100.